Mama, Usiniguse

Kahawa iliyomenywa na kulowekwa kwenye pipa kwa siku mbili ina harufu ambayo mnywaji wa mjini hawezi kuihusisha na kikombe chake. Ni uchachu mzito, kama togwa lililosahauliwa juani, umechanganyika na ndizi zilizopitiliza na udongo mbichi. Mwaka huu, mavuno yakiwa yamepamba moto, nilipanda kwenda kijijini kwetu, upande wa Mpepai, kumzika shangazi yangu Gaudensia. Wenyeji walinipa chumba cha kupumzika, na kwenye pembe ya chumba hicho pipa la kahawa lilikuwa linachachuka taratibu chini ya gunia. Sikulala. Nililalia ubavu, magoti nimeyakunja hadi tumboni, nikiwasikiliza akina mama wakiimba uani, na mimi mwanamke mzima, mwenye watoto wanaonyoa ndevu, nikaogopa kugeuka chali.

Nilikuwa na miaka tisa, niko darasa la tatu, mambo yalipoanza. Nililala kitanda kimoja na dada yangu Dafrosa, aliyenizidi miaka mitano. Wa rika langu mnakumbuka vitanda vile: mmoja akijikuna, wote mnajikuna. Msimu wa kahawa chumba chetu kiligeuka ghala, kwa sababu Baba hakuamini mlango mwingine wowote, kwa hiyo tulilala tukiwa na pipa upande wa miguu na magunia karibu na mlango.

Mara ya kwanza ilikuwa alfajiri. Nilimsikia Mama akifagia uani, nikasikia kuku wakiruka kutoka bandani, nikafumbua macho. Niliona mapau, niliona mwanga wa kijivu ukipita kati ya bati na ukuta. Nikataka kuinuka, nikashindwa. Mkono wangu mmoja nilikuwa nauona juu ya blanketi, lakini ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine aliyeusahau pale. Nikiwa bado naushangaa, gunia moja la pale mlangoni likaota mabega. Halikutembea, ila kila nilipolitazama lilikuwa limesogea, mpaka likawa juu ya kifua changu, limekaa, zito, na lina subira. Nilimwita Mama. Ufagio uliendelea, fya, fya, fya. Niliita tena kwa nguvu zangu zote, na sauti yote ikaishia puani.

Ndipo mtu akanivuta kidole gumba cha mguu, na kila kitu kikakatika mara moja, kama uzi. Dafrosa alikuwa ameketi, nywele timtim.

"Unalia kama kitoto cha mbwa," alisema. "Umeota nini?"

"Sijaota. Nilikuwa macho."

Watu wazima waliliita jinamizi. Jina hilo badala ya kunituliza liliniongezea hofu, kwa kuwa kwa akili yangu ya wakati ule, kitu chenye jina kina pia miguu na mahali kinakotoka. Lilikuja tena baada ya siku tatu, kisha baada ya mbili, kisha likazoea. Kuna majuma lilinikaba mara nne. Mama alinitundikia rozari kwenye mchago wa kitanda. Baba alisema nisilale chali na nisile ugali nikaenda kulala papo hapo. Mimi mwenyewe nilikuwa na mpango wangu. Niliamua jinamizi ni kitu cha giza, kwa hiyo nitalala mchana tu. Jumamosi moja, saa nane, nikajilaza chini ya vichanja vya kahawa, jua likipenya kwenye matundu ya wavu na kunichora madoa mwilini. Likaja palepale, kwenye jua lote lile, na kuku akipita karibu na sikio langu. Siku hiyo ndiyo niliyoelewa kwamba sina pa kukimbilia.

Lakini nilikuwa na Dafrosa. Alilala unyayo wake umegusa wangu, na usingizi wake ulikuwa mwepesi kama wa mwenye mtoto mchanga. Akisikia ule mlio wa puani, hata uwe mdogo namna gani, alinivuta kidole gumba, akanigeuza ubavu, akalala tena kabla sijamaliza kuhema. Asubuhi alinitania. "Jana umeniamsha mara mbili. Leo utanichotea maji." Nami nilimchotea. Nadhani huko ndiko kuishi na jambo: halikuisha, ila lilikuwa na utaratibu.

Shangazi Gaudensia, dada mkubwa wa Baba, ndiye aliyeuliza swali ambalo halikuwa limeulizwa. Alikuwa amekuja kutusalimu, akasikia habari zangu, akaniita jikoni, akanishika kidevu. Alikuwa mwanamke mrefu, mchapakazi, mwenye kufunga kitambaa kichwani kwa kukaza sana, na nilimpenda, kwa sababu hakuja kwetu hata siku moja bila karanga.

"Ukikabwa, unaona sura ya nani?"

Kabla sijafungua mdomo, Baba akasema kutoka mlangoni, "Dada, hapa hatutafuti sura ya mtu." Alisema bila kupandisha sauti. Shangazi akaniachia kidevu. Nami nikabaki nikijiuliza kama kweli gunia lina sura ambayo sijaitazama vizuri.

Inabidi niseme kidogo kuhusu Mama. Baba na Shangazi walikuwa Wamatengo wa milimani tangu zamani na zamani. Mama alikuwa Mnyasa wa Liuli, mtoto wa wavuvi, aliyelelewa Kianglikana na kuwa Mkatoliki siku ya ndoa yake. Alijifunza kulima ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, akawa hodari kuliko wenyeji, lakini kila alipokosea kitu kidogo palikuwa na mtu wa kusema, "Watu wa ziwani hao." Niliyasikia maneno hayo mara nyingi hivi kwamba nilidhani ni sifa tu, kama vile kusema mtu ni mrefu.

Sasa nafika kwenye kosa langu. Siku moja Mama na jirani yetu, Mama Otmari, walikuwa wanageuza kahawa vichanjani na mimi naokota punje zilizoanguka. Walikuwa wanazungumza kwa sauti ya chini, kisha Mama Otmari akapumua kwa nguvu, akasema:

"Ukishampokea mtu mzigo wake, mwenzangu, umekuwa wako. Yeye anapumzika, wewe unalala nao. Mimi sasa usingizi sina."

Mama akaitikia, "Pole, mwenzangu. Ndiyo ilivyo."

Punje za kahawa zikanitoka mkononi. Nilijua kabisa wanamzungumzia nani. Kila usiku Dafrosa alinipokea mzigo wangu, nami nikapumzika. Je, ule mzigo ulikwenda wapi?

Juma lilelile Dafrosa alirudi kutoka mtoni anachechemea. Alisema paja linamuuma, labda ameteleza. Siku ya pili paja lilikuwa la moto, gumu kama mti. Siku ya tatu homa ilipanda mpaka akawa anaongea na watu wasiokuwepo. Asubuhi ya siku ya nne niliamka nikamkuta amelala chali, macho wazi, anatazama mapau, na mguu wake hauwezi kusogea hata kidogo.

"Dada, geuka."

"Siwezi," alisema. "Siwezi kabisa."

Nilitoka nje nikaenda kujificha nyuma ya choo.

Mama akasema mgonjwa apelekwe Liuli, kwenye hospitali ya misheni, kwa kuwa bibi yetu mzaa mama yuko pale na atampikia. Shangazi, aliyekuwa amekuja kusaidia, alisema kwani hospitali zote za huku zimeisha, lakini Baba alishaamua. Alimbeba Dafrosa mgongoni kama mtoto hadi barabarani, wakapanda gari la mizigo, wakaondoka.

Kitanda kikawa kipana. Mama alihamia upande wa Dafrosa ili niwe na mtu, na hapo ndipo ilipoanza vita yangu ya siri. Kama Mama akiniamsha, mzigo utamhamia Mama. Akiugua Mama, nani atabaki? Kwa hiyo nisikabwe kabisa, na ili nisikabwe, nisilale. Nilijibana mapaja kwa kucha. Nilitafuna kahawa mbivu na maganda yake, chungu na tamu kwa pamoja, mpaka moyo ukawa unaruka. Nilikaa kitako nikahesabu mapau, nikayahesabu tena kutoka upande wa pili. Shuleni nilisinzia juu ya daftari, mwalimu akanisimamisha, nikasinzia nimesimama. Na kadiri nilivyojinyima usingizi ndivyo jinamizi lilivyonifuata kwa bidii. Nikifumba macho kidogo tu, tayari limeketi.

Alfajiri moja nilishindwa. Gunia lilikuwa juu yangu, nami nikabana pumzi nisitoe ule mlio wa puani, nisimwite mtu. Mama akausikia hata hivyo. Nikaona mkono wake unakuja, naona na siwezi kuukwepa, ukanishika bega. Kitu kile kikakatika, na mimi, nikiwa sijui tena mimi ni nani, nikaung'ata mkono wa mama yangu kwa meno yote niliyokuwa nayo.

"Mama, usiniguse! Usiniguse! Niache!"

Mama hakupiga kelele. Alibaki ameshika mkono wake kifuani, ananitazama. Mlangoni alisimama Shangazi, koroboi mkononi.

Mchana wake nilikuwa nje, nyuma ya ukuta wa jiko, na udongo wa ukuta ule ulikuwa na nyufa.

"Wifi," sauti ya Shangazi ilisema, "mtoto anaona sura. Na mtoto hamwogopi asiyemwona."

"Sema unachotaka kusema, wifi," Mama alijibu.

"Mimi sijasema kitu. Mtoto ndiye amesema. Mmoja mguu umekufa, huyu wa pili anamkataa mama yake aliyemzaa. Kesho kutwa nitamchukua. Kuna mtu upande wa Mbuji, anajua kuwauliza watoto."

Nilisikia mwiko ukigonga sufuria, polepole, mara nyingi kuliko inavyohitajika kusonga ugali. Nilielewa kila neno, na sikuelewa chochote. Nilidhani Shangazi anataka kunitibu. Sikujua kwamba neno langu moja, kwa huyo mtu wa Mbuji, lingetosha kumpa Mama jina la mchawi na kumfukuza katika nyumba aliyoijenga kwa kubeba matofali kichwani. Mtoto ambaye ameulizwa kwa siku nzima, mwenye usingizi kama mimi, hujibu lolote analotarajiwa kujibu. Hilo ninalijua sasa, na likinijia hadi leo hunitoa jasho.

Mama alilijua palepale. Kesho yake kabla hakujapambazuka alinikuta nimekaa kitako kitandani, macho makavu.

"Vaa sweta," alisema. "Tunakwenda kwa dada yako."

Hakumuaga Shangazi. Nami nilivaa upesi kuliko siku zote, maana nilikuwa na shughuli yangu huko: nilikuwa nakwenda kumnyang'anya Dafrosa mzigo wangu niurudishe ulikotoka. Basi tukakimbia wote wawili alfajiri ile, kila mtu na sababu yake, bila kuambiana.

Njia ya kuteremka kwenda ziwani ina kona ambazo tumbo huzikumbuka. Unaondoka kwenye baridi na sweta, unafika katikati unalivua, na mwisho ziwa linatokea chini likiwa limejaa macho yote. Tulibadilisha gari Mbamba Bay, tukafika Liuli jua likiwa kali. Kila mahali usipa ulikuwa umeanikwa, vidagaa vyembamba vinavyometa, na harufu yake iliingia hata wodini.

Baba alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na kitanda, ndevu zimeota. Alishtuka kutuona. Mama akamwita nje wakazungumze. Nikabaki na Dafrosa. Alikuwa amekonda, mguu umefungwa bandeji kuanzia nyonga hadi gotini, umewekwa juu ya mto. Sikumsalimia hata.

"Nirudishie," nilisema.

"Nikurudishie nini?"

"Jinamizi langu. Uliponivuta kidole lilikuhamia. Ndiyo maana huwezi kusogea. Nirudishie, mimi nimelizoea."

Dafrosa alinitazama. Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikamuumiza mguu, akashika paja, akalia "Uwii!" huku anacheka, mwanamke wa kitanda cha pili akageuka kutazama.

"Nani kakudanganya?"

"Mama Otmari. Alisema ukimpokea mtu mzigo unakuwa wako, na usingizi unapotea."

"Koleta! Mama Otmari alikuwa anawazungumzia watoto wa marehemu dada yake! Si amewachukua wote watatu? Yule mdogo analia usiku kucha!" Alifuta machozi, kisha uso ukabadilika, akakasirika kweli. "Na wewe unafikiri kila kinachomuumiza mtu ni cha kwako? Hili ni jipu. Lilikuwa ndani ya nyama, wamepasua, umetoka usaha bakuli zima. Jinamizi lina usaha?"

Sikuamini mpaka nilipoona. Muuguzi alikuja kusafisha kidonda, akataka kunitoa nje, Dafrosa akasema, "Mwache aone, tafadhali, vinginevyo hatanielewa." Niliona shimo jekundu ambamo kidole kingeweza kuingia, na muuguzi akivuta utambi wa kitambaa kutoka ndani, mrefu, mrefu, na dada yangu ameuma shuka. Kilikuwa kidonda. Hakikuwa na mabega wala subira. Nilijisikia mwepesi, na papo hapo nikaona aibu kwa wepesi huo, maana yeye alikuwa anaumia.

Baada ya hapo usingizi wa majuma mawili ulinidai wote kwa pamoja. Nilitandikiwa mkeka chini ya kitanda cha Dafrosa. Nakumbuka ubaridi wa sakafu, nakumbuka vyuma vya kitanda juu yangu vikiwa vimebonyea pale alipolala. Halafu nikaona vyuma vile vinashuka. Nilikuwa chali. Nilisikia ndala zinapita, ndoo inawekwa chini, mtoto anakohoa, na mimi sina mwili. Nikaanza ule mlio.

"Koleta," sauti ya Dafrosa ilisema juu yangu. "Nakusikia."

Nikangoja kidole changu kivutwe. Hakikuvutwa.

"Mguu hauniruhusu. Siwezi kushuka. Unanisikia? Siwezi kushuka."

Sijawahi kuambiwa neno lililonitisha kuliko hilo. Kitu kilichoketi kifuani kikaongeza uzito. Nilipigana nacho kwa kila kilichobaki.

"Usipigane nalo," alisema, kana kwamba anaona. "Ukipigana linakaza, mimi huwa nakuona. Vuta pumzi. Moja. Itoe. Nyingine. Mimi niko hapa hapa naongea. Leo bibi ataleta mbasa, mimi nitakula kichwa, wewe utakula mkia. Vuta. Itoe. Yule mama wa kitanda cha pili anakoroma kama trekta, umemsikia? Vuta tena."

Nikavuta. Nikaitoa. Nilimsikiliza kuhusu samaki na kuhusu trekta, na sijui ilikuwa pumzi ya ngapi, nikagundua kwamba mkono wangu unakuna shavu. Hakuna aliyenigusa. Lilikuwa limekwenda lenyewe, kama mgeni aliyechoka kukaa.

Miaka mingi baadaye daktari alinieleza kwamba akili huweza kuamka wakati mwili bado umelala, na katikati ya hapo kichwa hutunga vitu. Kwamba kukosa usingizi huzidisha. Kwamba halimuui mtu. Nilimshukuru. Lakini nilikuwa nimeshajifunza la maana zaidi kwenye sakafu ile, kwamba lina mwisho wake hata asipokuja mtu. Bado linanitembelea, mara moja moja, nikichoka sana. Huwa navuta pumzi na kungoja.

Nilipotoka chini ya kitanda nilimkuta Dafrosa analia kimya kimya, bila kicheko safari hii.

"Mimi pia nilikuwa naogopa," alisema. "Kila nilipokuamsha. Nilikuwa nadhani siku moja nitaliona." Alikuwa na miaka kumi na minne tu. Mimi nilikuwa nimemfanya mtu mzima.

Baba alipanda kurudi kwenye kahawa, sisi tukabaki kwa Bibi majuma matatu. Huko ziwani Mama alikuwa mtu mwingine. Alicheka kwa sauti, alisema Kinyasa haraka haraka, aliingia majini hadi kiunoni bila kukunja khanga. Lakini usiku, kwenye mkeka wetu mmoja, alilala mbali nami, mikono ameikunja kifuani, na kila nilipozinduka nilimkuta macho. Hakunigusa. Hata kunisuka aliacha, akamwachia Bibi.

Asubuhi moja tulikuwa ufukoni tunaosha vyombo. Mama alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga. Kwenye mkono wake, chini ya kidole kidogo, alama za meno yangu zilikuwa zimegeuka nyeusi.

"Koleta."

"Abee, Mama."

"Nikuulize, na usiniogope." Aliendelea kusugua mahali palipokwisha kung'aa. "Ukikabwa. Ile sura unayoiona. Ni yangu?"

"Hapana!" Nilishangaa sana kiasi cha kupiga kelele. "Ni gunia!"

"Basi mbona ulinikataa? Ulisema nisikuguse."

"Niliogopa litakuhamia. Dada alikuwa ameshaugua. Ukiugua na wewe, nani atabaki?"

Mkono wa Mama ukasimama. Sufuria ikamtoka, wimbi likaichukua, ikaanza kwenda zake ikizunguka. Mwanamke aliyekuwa anafua kwenye mawe akaita, "Mama Dafrosa! Sufuria hiyo!" Mama hakugeuka. Alikaa chini, pale pale majini, na nguo zake zote, maji yakamfika tumboni, akanivuta akanikumbatia kwa mikono miwili, akanibana mpaka nikakosa hewa. Nami niliachia mwili wangu wote kwake. Alikuwa analia au anacheka, sikuweza kutofautisha. Kijana mmoja wa mtumbwi ndiye aliyeturudishia sufuria.

Tulirudi milimani na Dafrosa akiwa anatembelea gongo. Shangazi alikuwa bado yupo, amevuna kahawa yetu kana kwamba ni yake, haki yake nitampa. Jioni ile tulikaa jikoni wote. Mama aliweka chini chakula, akanawa, akasema:

"Koleta, mwambie shangazi yako ulichoniambia ziwani."

Nikasema. Nilieleza yote, Mama Otmari, mzigo, kahawa mbivu, mpaka meno yangu. Shangazi alisikiliza bila kupepesa.

"Mtoto hufundishwa," alisema.

Mama aliinamisha uso, nikaona kwamba hana neno lingine, kwamba lile lilikuwa la mwisho alilokuwa nalo. Shangazi akanigeukia.

"Niangalie. Unaona nini ukikabwa?"

"Gunia, Shangazi."

"Gunia gani?"

"La kahawa. Lile la mlangoni. Lina mabega."

Baba, aliyekuwa akitafuna muda wote, na ambaye siku zote hizo, kama nilivyojua baadaye, alikuwa amesikia maneno ya dada yake na kunyamaza, aliweka tonge lake chini.

"Gunia hilo ni langu," alisema. "Nimelinunua mimi, nimelijaza mimi, nimeliweka mimi mlangoni. Kama inatafutwa sura, dada, basi ni ya kwangu. Nipeleke mimi Mbuji."

Shangazi alimtazama mdogo wake. Akafungua kitambaa cha kichwani, akakifunga upya, akakaza. Hakuomba radhi, na sikupata kumsikia akiomba radhi maisha yake yote. Alisema tu kwamba amekaa sana kwa watu, kesho atakwenda kwake kuangalia maharage.

Asubuhi Mama alimfungia usipa, kikapu kizima, akaushindilia kwa mikono miwili mpaka ukamwagika, akakibeba yeye mwenyewe kichwani kumsindikiza wifi yake hadi mtoni. Wakapeana mikono. Mama akarudi peke yake, akahamisha magunia kutoka chumbani kwetu kwenda sebuleni moja baada ya jingine, bila kumwomba mtu amsaidie. Kisha akapanda kwenye kitanda chetu, kati yangu na Dafrosa, jua likiwa bado juu, na akalala. Alilala mchana ule, akalala usiku, akalala mpaka saa nne ya kesho yake, mdomo wazi, na Baba akapika uji, na hakuna aliyemwamsha.